Kwa Kafi Hadi Mlango wa Elila

Kindu ndiko treni inakokomea. Reli ya kutoka kusini, ambayo kipande chake cha Kongolo kilikamilika kufikia 1911, inaishia kwenye ukingo wa kushoto wa Lualaba, na kutoka hapo mwenye safari ya kaskazini anashika maji. Mto unapitika kilomita 300 hivi mpaka Ubundu. Huko yanaanza maporomoko, na Wabelgiji walijenga reli nyingine ya kilomita 125, iliyomalizika 1906, ili kuyakwepa mpaka Kisangani. Kwa hiyo maji yaliyo mbele ya mji wetu si mandhari ya kutazamwa jioni. Ni barabara, tena yenye msongamano: mitumbwi ya kuvusha watu kwenda Alunguli ng'ambo, mashua ndefu za mbao tunazoziita baleniere zilizolemewa na mchele na bidoni za mafuta ya mawese, baiskeli zilizolazwa juu ya magunia, mbuzi, na mara nyingine jeneza.

Ndiyo maana nilipotangaza nyumbani kwamba tutashuka mto kwa kafi, bila injini, bila mzigo wa kuuza na bila msiba wowote huko tuendako, mama aliniuliza kama shule ninayofundisha imenifukuza.

Wazo lilikuwa la shemeji. Huyu ni mume wa dada yangu, mtu wa Lamu, na riziki yake ni kuwatembeza wageni kwa kayaki katika mikoko ya Manda. Walikutana Mombasa, dada alipokuwa akisoma. Alipokuja kututembelea safari hii alifika uwanja wa ndege wa Kindu na begi moja la nguo na mfuko mrefu mwembamba, na wale wa ukaguzi waliufungua mara mbili. Ndani mlikuwa na kafi lenye bapa huku na huku, la kuungwa katikati. Amevuka nchi tatu na kafi mkononi. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwambia akae barazani anywe chai.

Kwao, anavyosimulia, siku ya safari inaanza kwa kuuliza maji. Bamvua lini, maji mafu lini, yanaanza kujaa saa ngapi. Mji wa Pate haufikiki kwa chombo ila maji yakiwa yamejaa, na atakayechelewa atakaa juu ya tope akisubiri bahari imrudie. Safari nzima hupangwa hivyo: unatoka na maji yanayotoka, unakula mahali, unarudi na maji yanayorudi, na kazi kubwa mikono yako haifanyi. Basi siku ya kwanza alipoletwa ufukweni, swali lake la kwanza kwa mzee mwenye mtumbwi lilikuwa: "Papa, maji ya hapa yanageuka saa ngapi?"

Papa alimtazama kwa huruma. "Shemeji, ukiona maji haya yamegeuka, kimbia."

Kuanzia hapo mji mzima ulimwita Shemeji, hata wale ambao hawana dada.

Wa tatu wetu ni muuguzi tunayemwita Dokta. Yeye ni Mkumu wa Obokote, sekta ya teritori ya Lubutu, kaskazini kabisa mwa mkoa wa Maniema. Kwao ni msitu, na vijito vya kwao vinaishia katika mto Lowa, nao Lowa unamwagia Lualaba katikati ya Kindu na Ubundu. Kwenda nyumbani hupanda pikipiki kupitia Punia, na ukimwona akirudi hutauliza barabara ikoje. Utaisoma kwenye suruali yake. Alikubali kuja nasi kwa hesabu zake mwenyewe: alitaka kujua siku moja ya kafi inamfikisha mtu wapi, ili apige mahesabu ya kufika mlango wa Lowa bila kumlipa mtu wa pikipiki. Sisi wawili tulikwenda kutembea. Dokta alikwenda kupima.

Tulipanga kushuka hadi mlango wa Elila. Huo ni mto unaotoka milima ya Mwenga, Kivu ya Kusini, ukapita Shabunda na Pangi, kisha ukaingia Lualaba upande wa kuume, chini ya Kindu. Ni mwendo wa kutwa kwa anayepiga kafi bila kukaakaa. Tuliuchagua mwezi wa saba, mvua zimekatika, maji yameshuka na mafungu ya mchanga yametoka nje. Papa angesimama tezi, mjukuu wake omo, sisi watatu katikati.

Papa ni Mgenya. Wagenya ndio wenyewe wa maji haya, vijiji vyao vinaandamana na mto toka juu huko Nyangwe hadi kwenye maporomoko ya Kisangani wanakotega samaki kwa madema makubwa. Watalii wanawajua wale wa Kisangani kwa sababu ya picha. Hawa wa kwetu hakuna anayewapiga picha. Wanavusha watu, wanavua, wanauza, basi. Mtumbwi wa Papa ni wa gogo moja, mvule kwa maneno yake, umechongwa kwa tezo na kupitishwa motoni, urefu wa watu sita waliolala. Ubavuni karibu na omo ulikuwa na ufa unaolingana na mkono wangu. Alikuwa ameuziba kwa kitambaa kilichoshindiliwa kwa ncha ya kisu, juu yake kipande cha bati la kopo la maziwa, na misumari midogo imepangwa pembeni kwa karibu sana, kichwa kwa kichwa. Bado ungeweza kusoma nusu ya jina la maziwa. Shemeji alipitisha kidole pale, akakinusa, akasema kwao wangetia pamba na sifa, mafuta ya papa. Papa akajibu kwamba papa wa huku anayemjua ni yeye peke yake.

Kabla ya kuondoka palikuwa na afisa. Ufukweni daima pana afisa. Huyu alikuwa na daftari lenye mistari, na mstari mmoja uliandikwa sababu ya safari. Biashara? Hapana. Kilio? Hapana. Ndoa? Shemeji akasema ameshaoa. Nilisema tunakwenda kutembea tu, na kalamu yake ikasimama. Alitueleza kwa upole kwamba serikali imekataza kusafiri majini usiku, kwamba watu wamekufa wengi kwa mizigo kupita kiasi, kwamba kila abiria anatakiwa awe na jaketi la kuelea. Yote ni kweli, na mashua zilizofungwa nyuma yake hazikuwa na jaketi hata moja. Sisi tulikuwa nayo, Shemeji alihakikisha. Hilo ndilo lililomtia shaka zaidi. Mwishowe aliandika "uchunguzi", tukalipa kile kinacholipwa, tukaondoka tukiwa wachunguzi.

Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya maji. Nilidhani tungeshuka na ukingo wetu wa kushoto na kuvuka mbele, tukikaribia Elila. Papa alielekeza omo moja kwa moja ng'ambo. Tulikata mto wote hapo hapo mbele ya mji, mitumbwi yenye injini ikitupita na kutuachia mawimbi, watu wa Alunguli wakija sokoni na mizigo mapajani, na mkondo ukitusukuma kaskazini huku tukienda mashariki. Sababu yake niliielewa baadaye. Asubuhi mto umetulia; mchana upepo unaamka. Asiyevuka mapema atavuka wakati maji yameshapandisha hasira. Shemeji aliitikia kwa kichwa kabla hata Papa hajamaliza kueleza. Hilo walikuwa nalo wote wawili, mmoja kalipata baharini na mwenzake mtoni.

Mengine hawakuwa nayo pamoja. Mgenya hupiga kafi amesimama. Kafi lake ni refu kumzidi kimo, bapa limechongoka mfano wa jani, na anainama nalo mwili mzima, mguu mmoja umekanyaga ukingo wa mtumbwi, tumbo na mgongo vikifanya kazi kuliko mikono. Mtu wa kayaki anakaa. Chombo chake kina urefu wa mita tano hivi na upana usiofika hata urefu wa mkono, kiuno kimekazwa ndani, magoti yameshika mbavu za chombo, na uhai wake wote uko katika kuwa chini. Shemeji aliunganisha kafi lake, akakaa sakafuni mwa mtumbwi, akaanza. Lakini kuta za mtumbwi ni za juu na kafi ni fupi: kila bapa lililopanda lilimwagia maji mapajani pa Dokta aliyekuwa mbele yake. Dokta alivumilia kwa muda wa mtu aliyelelewa vizuri. Halafu akageuka: "Shemeji, mimi nimeoga leo."

Papa aliliomba lile kafi. Alisimama nalo tezi, akaligeuza huku na huku, akajaribu bapa moja, akajaribu la pili, na kwa muda mfupi mtumbwi ulikwenda upogoupogo, mjukuu wake akicheka hadi akalazimika kukaa. Kisha Papa akapata njia yake. Alishika kafi karibu na ncha, akawa analitia maji upande mmoja na kutumia ile ncha nyingine kusukumia mchanga penye kina kifupi. Alikuwa amegeuza chombo cha michezo kuwa kafi na upondo kwa pamoja. Akaniambia ni kitu kizuri, ila mwenye kukitengeneza alikosea urefu.

Baada ya hapo Shemeji alipewa kafi la Kigenya na kufundishwa kusimama. Alisimama, akajisogeza kwenda omo kuona vizuri, akarudi tezi kuuliza neno, akaenda tena omo, mpaka maji yaliyokuwa yakivujia yakaanza kutembea naye chini kwa chini. Nilimkumbusha msemo wa kwao wenyewe, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, nikamkabidhi kidumu kilichokatwa kichwa ili ayakumbe yale maji. Aliyakumba kwa heshima. Ngama ni ngama, hata ya maji matamu.

Chini ya mji mto unajifungua. Nyumba zinapungua, migazi inashika ukingo, kisha miti mikubwa, na kila baada ya muda njia nyembamba inateremka hadi majini kuonyesha kwamba nyuma ya miti kuna watu. Mafungu ya mchanga yalikuwa na vibanda vya wavuvi vya majani, vya kukaa miezi ya ukame tu. Maji yakipanda, kijiji kizima kinakunjwa. Mnandi walikausha mbawa juu ya vigogo. Vigogo hivyo ndivyo vilivyomshughulisha Papa. Alisoma uso wa maji bila kukoma, na nilipomwomba anisomee kwa sauti, alifanya hivyo kwa subira ya mwalimu mwenzangu. Pale maji yanapotengeneza alama ya pembe inayotazama juu ya mto, chini yake kuna kitu, kaa mbali. Pale pembe inapotazama chini, ni mlango, pita katikati. Penye viduara vinavyochemka polepole pana kina. Penye mng'ao laini, wa kupendeza, ambapo mimi ningepita kwa furaha, ni mchanga, na tungekwama. Katika kitambo kifupi nilijua kutofautisha viwili kati ya hivyo vinne. Shemeji alivijua vyote, ila alizoea kuviona vikibadilika mara nne kwa siku, na hapa vinabadilika kwa msimu.

Kuna jambo alikuwa amelinyamazia tangu Lamu, likamtoka tulipopita kwenye maji yaliyolala kando ya kisiwa. Mamba.

Alikuwa na haki ya kuuliza. Desemba 2010, Hendri Coetzee, Mwafrika Kusini aliyekuwa ameweka makao Jinja, Uganda, mtu aliyeongoza msafara wa 2004 wa kushuka Nile kutoka Ziwa Victoria hadi Mediterania, alinyakuliwa na mamba akiwa ndani ya kayaki yake. Ilikuwa kwenye Lukuga, mto unaotoka Ziwa Tanganyika na kumwagia Lualaba huo huo, kusini kwetu. Wenzake wawili walikuwa hatua chache kutoka kwake wakipiga kafi. Kati ya watu wa kayaki duniani hakuna asiyeijua habari hiyo, na hapa Kindu sijakutana na mtu anayeijua. Nadhani si kwa sababu hatujali. Mamba akimchukua mama anayeosha vyombo, redio ya nje haisemi. Akimchukua mgeni, inasema, na sisi tunaisikia kama habari ya kwao.

Papa alisikiliza kisa chote, akauliza maswali ambayo nisingeyafikiria. Chombo chake kilikuwa na urefu gani juu ya maji? Alikuwa amekaa? Aliposikia kwamba kiuno cha mtu kwenye kayaki kinakuwa karibu sawa na uso wa maji, alitikisa kichwa. Mamba, akasema, anakaa mahali penye desturi: panapotekwa maji, panapooshwa, panapoogwa, kila siku saa ile ile. Anajifunza saa za watu. Mtumbwi mrefu wenye watu waliosimama unampita akiwa anawaza mengine. "Lakini mtu aliyekaa majini," alisema, "huyo kwake ni mtu anayeoga." Shemeji alisimama na hakukaa tena hadi mchana.

Soko tulilikuta jua likiwa juu, kwenye mteremko wa udongo uliokanyagwa ukawa ngazi. Wanawake wa mtoni walikuwa wameshatandaza samaki: wabichi, wa kukausha kwa moshi waliokunjwa mkia mdomoni, na mbenga mmoja aliyelala peke yake, meno nje, watoto wakimzunguka. Mbenga ni yule samaki wa Kongo mwenye meno ya mbwa, anayeweza kufika kilo 50. Huyu alikuwa mtoto na bado Shemeji alikataa kumgusa. Wanawake wa bara, Wasongola kwa wingi, walishuka na vikapu vya mihogo, ndizi, sombe iliyotwangwa, chumvi kidogo, sabuni. Nilichokuja kukiona ni kile ambacho mtafiti wa Kijapani, Yuji Ankei, alikiandika mwaka 1984 baada ya kukaa na Wasongola: masoko ya kando ya mto ambako samaki alifanya kazi ya fedha, mihogo ikipimwa kwa samaki na samaki kwa mihogo. Siku hizi faranga zinatawala, na wauza simu na kadi wamejaa. Ila kwenye ncha ya chini ya soko, karibu na mitumbwi, niliona mama mmoja wa mtoni akiweka samaki watatu wa moshi juu ya jani. Mama wa bara aliweka fungu la mihogo. Wa mtoni akatazama pembeni. Wa bara akaongeza mihogo miwili. Wa mtoni akaendelea kutazama pembeni, kwa ustadi ambao si wa siku moja, hadi mhogo wa tatu ulipoangukia juu ya fungu kwa hasira kidogo. Hakuna aliyesema neno wala kutoa noti.

Tulikula hapo hapo, wali na samaki wa pilipili. Wali wa Maniema hauhitaji kusifiwa na mtu wa Maniema, lakini niliona Shemeji akila taratibu, akauliza mpunga huu umetoka wapi. Bibi aliyetupakulia alimtazama kofia yake ya vito na kanzu aliyoivaa juu ya kaptula, akasikia Kiswahili chake, akasema kwa sauti ya kusikika na meza zote: "Umetoka kwenu. Wewe si mtu wa Tippu Tip?"

Watu walicheka. Shemeji alicheka pia, akachelewa kidogo.

Hicho ni kicheko cha kwetu, na chini yake kuna maji mengi. Kiswahili tulichokuwa tukicheka nacho, mpunga, misikiti ya Kasongo na ya Kindu, vyote vilikuja na misafara ya wafanyabiashara wa pwani, kina Tippu Tip, pamoja na bunduki na minyororo. Huko juu ya mto, Nyangwe, palikuwa na soko lililofanana na hili, wanawake wengi, samaki na mihogo. Tarehe 15 Julai 1871 watu wa wafanyabiashara hao walilifyatulia risasi. Livingstone alikuwepo, amekaa miezi akitafuta mtumbwi wa kununua bila kuupata. Wanawake walikimbilia mitumbwini, mitumbwi ikazama, na mamia walikufa kwa risasi na kwa maji. Kila shule ya huku inafundisha kwamba Livingstone alipita. Soko lenyewe halisomwi sana. Bibi wa wali hakuhitaji kulisoma; alimwongezea Shemeji kipande cha samaki na kumwita mwanangu.

Mtu wa pwani ambaye mimi ningependa akumbukwe mtoni humu si Tippu Tip. Ni Uledi. Stanley alipoondoka Nyangwe Novemba 1876 alikuwa na mashua ya mbao za mwerezi, Lady Alice, futi 40, iliyoundwa Uingereza kwa vipande na kubebwa na wapagazi tangu Bagamoyo, 1874. Mwishoni mwa mwaka Tippu Tip alirudi zake, msafara ukaendelea kushuka hadi bahari ya upande wa pili, na aliyeshika usukani wa ile mashua alikuwa Uledi, kijana aliyeandikishwa Unguja. Stanley mwenyewe, ambaye hakuwa mwepesi wa kuwasifu watu wake, aliandika jinsi alivyojitupa majini mara kwa mara kuwaokoa wenzake. Mashua iliachwa kwenye miamba karibu na maporomoko ya Isangila mwaka 1877. Nilimsimulia Shemeji haya tukiwa tunafungua kamba. Alitaka kujua kitu kimoja: Uledi alijifunzia wapi kusoma maji ya mto? Nilimwonyesha Papa kwa kidevu. Kwa nani mwingine?

Upepo ulitupata alasiri, kama ilivyotabiriwa. Lualaba hapa unakwenda kaskazini, na upepo ulitoka huko huko kaskazini, ukaupiga mto usoni. Shemeji aliutambua kabla yetu. Kwao, kwenye milango ya bahari, maji yanayotoka yakikutana na kusi yanainua mawimbi mafupi, yaliyosimama wima, mabaya kuliko yale makubwa ya nje. Yalikuwa ni hayo hayo. Mtumbwi mrefu haupandi wimbi fupi, unalipasua, na wimbi linaingia. Dokta alikumba kwa kidumu, mimi kwa sufuria ya chai. Papa alituingiza ukingoni, karibu kiasi cha matawi kutupangusa nyuso, penye kivuli cha upepo. Lakini mbele ukingo ulipinda na ilibidi kutoka nje kuzunguka rasi ya mchanga.

Hapo wazee wawili wa maji walishauriana. Papa alitaka kungoja. Shemeji alisema upepo wa namna hii utadumu hadi jua litue, na kusafiri usiku ndiko kulikokatazwa. Alipendekeza tusiyakabili mawimbi uso kwa uso wala tusiyape ubavu, tuyachukue kwa pembe, na wote wakae chini isipokuwa Papa. Papa akafikiri. Kisha, na hili nililiona kwa macho yangu, akakaa. Mgenya, tezi, amekaa! Mjukuu wake alifungua mdomo akaufunga. Shemeji naye alichukua kafi lake la bapa mbili, akapiga magoti katika omo ili apate urefu, na sasa lile kafi lilifanya kazi yake, huku na huku bila kupumzika, wakati sisi tukikumba na Papa akiweka pembe. Dokta alikuwa akitaja majina ya watakatifu kwa mpangilio ambao sikuutambua. Tulipopita rasi, nguo zote zilikuwa majini na bati la kopo la maziwa lilikuwa bado limeshika.

Mlango wa Elila unaujua kabla ya kuufikia, kwa mstari. Maji yake yana rangi yake na hayana haraka ya kuchanganyika; yanashuka bega kwa bega na ya Lualaba, na kwenye mpaka wao povu na majani vinajipanga safu ndefu. Tuliingia upande wa Elila tukiwa tumechoka vibaya, upepo umeishiwa. Dokta aliyekuwa kimya tangu rasini alitoa karatasi iliyolowa. Mpaka Ubundu kilomita 300, alisema, Lowa uko njiani, na leo tumekula sehemu ndogo. Kwa mwendo huu, na bila upepo, atafika mlango wa Lowa kabla likizo yake haijaisha. Tatizo ni kwamba baada ya hapo atabakiwa na Lowa wa kupanda, na msitu, na hakuna mkondo unaopanda kwenda Obokote. Aliikunja karatasi. "Pikipiki," alisema, bila uchungu.

Baleniere moja iliyokuwa ikipanda Kindu ilikuwa imefungwa pale kulala, mchele na mawese hadi ukingoni, kuku juu ya paa. Tulikwenda kumwomba nahodha atuvute kesho. Kwa sisi watatu alitaja bei ya kawaida. Kwa Papa na mjukuu, wa majini, bure. Kisha akautazama mtumbwi na kutaja bei inayopita yetu sote: mtumbwi ni mzigo, alisema, tena mzigo unaovuta nyuma, mafuta ya injini yananunuliwa. Shemeji akaanza kueleza kwamba mtumbwi ukifungwa ubavuni, si nyuma, hauvuti sana, na akachukua kafi kumchorea kwenye mchanga. Nahodha akaliona lile kafi. Akauliza hicho ni kitu gani, kinafanya nini, kinauzwa shilingi ngapi huko kwenu.

"Hakiuzwi," Shemeji alisema.

Papa akamvuta nahodha pembeni, wakaongea Kigenya, kirefu, wakitutazama mara moja moja. Waliporudi bei ya mtumbwi ilikuwa imeshuka nusu, na Papa akatueleza masharti: usiku huu Shemeji atamfundisha mtoto wa nahodha kulitumia.